Jeraha la Kifaru na Jeraha la Resini

Kifaru kidogo cha resini, yaani plastiki ya majimaji inayochanganywa na kigumishi na kumiminwa katika kalibu ya mpira hadi igande, kikitolewa kwenye kifurushi cha posta na mtutu umevunjika, mwenyewe husema kimeharibika, ingawa kifaru hichohicho kilikwisha kupakwa kutu ya bandia, matope ya bandia na alama za risasi ambazo mnunuzi alizilipia kwa hiari yake. Swali la kifalsafa linalozuka hapo ni kwa nini uharibifu mmoja uhesabiwe sanaa na mwingine uhesabiwe hasara, ilhali wote huonekana kwenye kitu kimoja na kwa macho yaleyale.

Jibu linalokuja kwanza ni nia. Richard Wollheim, mwanafalsafa wa Uingereza, alieleza kwamba anayetazama picha huona mambo mawili kwa pamoja, uso uliopakwa rangi na kitu kinachoonekana ndani ya uso huo, na kwamba kinachoamua kama ameona sawasawa ni kusudi la msanii. Kwa kanuni hiyo kutu iliyopakwa ni mali ya kifaru, na ufa wa njiani, kwa kuwa hakuna aliyeukusudia, ni mali ya resini tu.

Jibu hilo ni sahihi lakini halijafika mwisho, kwa maana hata kama mtu angeuvunja mtutu kwa makusudi, matokeo bado yangekuwa ya uongo. Chuma kikipigwa hupinda, huchanika au hutoboka. Resini hukatika kama kashata, ikaacha uso mkavu wenye vitundu vya viputo vya hewa vilivyonaswa wakati wa kumimina. Katika skeli ya 1/35, ambapo kila milimita 1 ya kielelezo husimama badala ya milimita 35 za kifaru halisi, kitundu cha nusu milimita kingekuwa shimo la milimita 17.5 ndani ya chuma cha mzinga, jambo ambalo hakuna kiwanda kingeliruhusu. Ufa hauna skeli: unabaki na ukubwa wake wa kweli katikati ya ulimwengu uliopunguzwa, na ndiyo maana jicho huugundua mara moja hata lisipojua sababu.

Matengenezo yenyewe hayana fumbo. Sehemu iliyopinda hulainishwa kwa maji ya moto na kunyooshwa. Mtutu uliokatika hutobolewa pande zote mbili, ukatiwa kipande cha waya mwembamba pamoja na supa gluu, kwa kuwa gundi hiyo hustahimili kuvutwa kuliko kugongwa ubavuni. Kisha pengo huzibwa kwa pati na kusuguliwa kwa msasa uliolowa, maana vumbi la resini hudhuru mapafu. Ugumu huanza pale fundi anaposhawishika kuokoa muda kwa kuigeuza ajali kuwa historia, kwa mfano anapoiacha kona ya madigadi iliyomeguka, akaipaka kutu na kuifanya ionekane kana kwamba kifaru kiligonga ukuta. Kwa kifaru kisicho na jina, kinachowakilisha aina yake tu, hila hiyo haidhuru, mradi mwenyewe aambiwe. Kwa kielelezo cha Tiger 131, kifaru cha Wajerumani kilichotekwa na Waingereza nchini Tunisia mwezi Aprili 1943, ambacho makovu ya risasi za vifaru vya Waingereza vya aina ya Churchill bado yanaonekana juu yake katika makumbusho ya Bovington, kovu jipya ni ushahidi wa uongo.

Tiger 131 hiyohiyo ilirudi makumbusho mwaka 2003 ikitembea kwa injini iliyotolewa katika kifaru kingine, cha aina ya Tiger II, na bado huitwa 131, kama merikebu ya Theseus iliyosimuliwa na Plutarch, ambayo mbao zake zilibadilishwa moja baada ya moja. Kwa kielelezo, swali la kama kitu kilichobadilishwa sehemu bado ni kilekile halina uzito mkubwa, kwa sababu kalibu moja huzaa ndugu wengi wanaofanana, na kinachokifanya kimoja kiwe chenyewe ni mkono wa aliyekipaka rangi. Kwa hiyo kuunga resini ni kazi ndogo, na kupaka rangi upya ndiko kunakogusa nafsi ya kitu. Cesare Brandi, mwanafalsafa wa Italia aliyechapisha nadharia yake ya urejeshaji mwaka 1963, alitaka kiraka kisionekane kwa mbali lakini kitambulike kwa karibu, na warejeshaji wa Roma walitimiza hilo kwa vistari vyembamba vya rangi. Ukutani kwenye picha kubwa njia hiyo inafaa; kwenye kifaru kinachotazamwa kikiwa puani, vistari hivyo vingesomwa kuwa rangi za kujifichia vitani.

Linalobaki ni kupaka palipovunjika tu, hata kama rangi itatofautiana kidogo, na kuandika kilichofanyika chini ya bodi, kati ya minyororo, mahali ambapo hakuna anayepatazama. Anayekwangua rangi yote ili kifaru kiwe na sura moja ametengeneza kazi nyingine juu ya mwili wa zamani, na haki inamtaka aseme hivyo. Kama mchoraji wa kwanza yu hai na amekubali kukirekebisha mwenyewe, nia yake inarudi na swali linafutika, ila itabidi kifaru kipite posta tena.