Amana Iliyofunikwa

Mji wa Mbale umekaa chini ya Mlima Elgon. Malori yatokayo Tororo hupita hapo yakielekea Soroti, na mengine hupanda hadi Kapchorwa kuchukua mahindi na kahawa. Mafundi wa magari hawakosi kazi. Nasi twaona ni vyema kuuliza hapa swali lililo la maadili kabla ya kuwa la ufundi. Fundi akiletewa vipuri visivyotengenezwa na kampuni ya gari lenyewe, avitie katika habu ya gurudumu la lori, wajibu wake unakomea wapi?

Wengi hujibu kwa methali: rahisi ghali. Ni kweli, lakini methali hiyo humwonya mnunuzi peke yake. Tena si haki kukihukumu kila kipuri cha namna hiyo. Viko vilivyotengenezwa kwa vipimo sahihi na kuuzwa kwa jina la mtengenezaji wake. Uovu huanza pale kipuri kinapovishwa jina lisilo lake, na ajuaye akanyamaza. Uganda ilitunga sheria ya shirika lake la viwango mwaka 1983, na shirika likaanza kazi mwaka 1989. Hata hivyo, hakuna mkaguzi awezaye kusimama nyuma ya kila fundi.

Na habu hufunikwa. Ndani yake zimo beringi mbili, ya ndani na ya nje, pamoja na sili izuiayo grisi. Beringi mpya ikitiwa katika kikombe cha zamani huchakaa upesi. Nati ikikazwa kupita kiasi, habu hushika moto. Ikilegea, gurudumu huyumba. Sili isiyokaa sawasawa huvujisha grisi juu ya breki, na lori lililosheheni linateremka mlimani. Basi hata kipuri halisi hugeuka hatari mikononi mwa mzembe.

Yamkini mtu atasema: mwenye lori amekubali, naye ndiye alipaye, fundi ana watoto wa kulisha. Hoja hii si ya kubezwa. Lakini mwenye lori aweza kukubali hasara ya mali yake tu. Hawezi kukubali kwa niaba ya utingo, wala ya mama auzaye ndizi kando ya barabara, wala ya mtoto atokaye shuleni. Hao hawakuulizwa.

Kwa hiyo fundi hana budi kusema wazi kilichomo, kupima kabla ya kufunga, na kukikataa kisichooana, ijapokuwa atakosa ujira wa siku ile.

Tunapowafundisha vijana neno amana, tusiishie kwenye fedha zilizowekwa kwa jirani. Kazi iliyofunikwa nayo ni amana, na wenyewe ni watu tusiowajua.