Asha wa 'Pumzi' na suala la kuonekana

Filamu nyingi za zama zijazo hazimweki Mwafrika mbele. 'Pumzi' (2009), filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu, ilimweka kwa bajeti ndogo. Baada ya vita vya maji, Asha anatoroka mjini na mche, akaunywesha maji yake ya mwisho.

Wapo wanaosema yatosha kuona sura yetu humo. Mimi nasema haitoshi: hata mtumwa katika filamu za zamani alikuwa na sura. Alichopewa Asha ni uamuzi, naye akautumia kwa ajili ya wasiozaliwa.

Basi sisi wa Mugango, wenye Ziwa Victoria mlangoni, tusidai kuonekana tu. Tujiulize: vijana wetu tunawalea wawe wahanga wa kiu ya kesho, au walinzi wa amana hii ya maji?