Mionzi ya Kioo na Haki ya Kuogopa

Neno "mionzi" tumelibebesha mzigo mkubwa kupita uwezo wake. Tunalitumia kwa jua linalochomoza, tunalitumia kwa picha ya mfupa uliovunjika, tunalitumia kwa tiba ya saratani, na tunalitumia tena kwa mwanga utokao kwenye kioo cha simu aliyolala nayo mtoto. Mtu asikiapo neno moja hudhani kitu ni kimoja. Hapo ndipo hofu inapoanzia, na hapo ndipo wauza kinga wanapopata mtaji wao.

Nimefundisha fizikia kwa miaka mingi, na nje ya darasa swali nililoulizwa kuliko yote ni hili: je, mionzi ya runinga, kompyuta na simu inaziharibu chembe hai za miili yetu? Jibu la kifizikia si refu. Lililonisumbua mimi ni swali la pili, ambalo aghalabu halisemwi kwa sauti: mtu anayeogopa jambo ambalo halijathibitishwa anatudai nini sisi tunaojiona tunajua?

Nianze na lile fupi. Mawimbi ya sumakuumeme ni ukoo mmoja wenye watu wa tabia mbalimbali. Kinachowatofautisha ni nishati ya kila punje ya wimbi. Ili punje moja iweze kung'oa elektroni kutoka kwenye atomi, inahitaji elektronivolti zipatazo 10 au zaidi. Eksirei inazo maelfu. Miali ya urujuanimno ya jua, yenye 4 hivi, haing'oi elektroni lakini bado yaweza kuidhuru DNA ya ngozi. Mwanga tunaouona kwenye kioo una 2 au 3 tu, na mawimbi ya simu hayafiki hata sehemu moja ya elfu kumi ya elektronivolti moja. Wala wingi hausaidii. Ukilirushia dafu punje elfu za mchele halidondoki. Jiwe moja laweza kuliangusha. Mawimbi ya simu yakizidi sana hupasha mwili joto, na ndiyo maana simu zimewekewa kikomo cha nguvu.

Walakini nisieleweke kwamba waliotangulia kuogopa walikuwa wajinga. La hasha. Runinga za zamani zilikuwa na mrija wa kioo, na ndani yake elektroni zilisukumwa kwa volti zipatazo 25,000 katika runinga za rangi, zikagonga kioo kwa mbele. Mashine ya eksirei nayo inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo ya kugongesha elektroni. Mwaka 1967 kampuni ya General Electric ya Marekani ilitangaza kwamba runinga zake za rangi zipatazo 90,000 zilikuwa zikitoa eksirei kupita kiasi. Mwaka uliofuata Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria, na kiwango kikawekwa ambacho runinga isikivuke ikipimwa sentimita 5 kutoka kwenye kioo. Watengenezaji wakatia risasi ndani ya vioo na kuzidhibiti volti. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Zanzibar ilipoanza kurusha televisheni ya rangi mwaka 1973 sheria hiyo ilikuwa na miaka mitano, lakini mwambao wote wazee waliendelea kutukemea, "Sogea nyuma, utapofuka!" Onyo lilisafiri na masanduku, habari ya tiba ilibaki bandarini. Leo vioo ni bapa, havina mrija wala elektroni za kugonga kitu, na kemeo bado li hai.

Kisa kilichonifundisha zaidi kilitokea maofisini. Mwaka 1980, katika gazeti la Toronto Star la Kanada, ilijulikana kwamba wanawake wanne kati ya saba waliokuwa wajawazito huku wakifanya kazi mbele ya vioo vya kompyuta walijifungua watoto wenye kasoro. Jiweke mahali pa mwanamke wa nane, msomaji. Nani angekuwa na uso wa kumwambia asiogope? Mwaka 1988 uchunguzi wa California ulionyesha kwamba wajawazito waliotumia vioo zaidi ya saa 20 kwa wiki waliharibikiwa na mimba zaidi kuliko wenzao. Ndipo mwaka 1991 ukatoka uchunguzi wa wapokeaji simu wa Marekani, ambao baadhi walitumia vioo na wengine hawakutumia. Kati ya mimba 882, zilizoharibika zilikuwa asilimia 14.8 kwa waliotumia vioo na asilimia 15.9 kwa wasiovitumia. Kioo kikaachiwa huru.

Lakini kuna jambo katika ule uchunguzi wa California ambalo watu wengi hulipita haraka. Walioonekana kuathirika ni makarani. Mameneja na wataalamu waliokaa mbele ya vioo vile vile hawakuonekana kuathirika. Mionzi haijui cheo. Kama kulikuwa na kitu pale, basi yaelekea hakikutoka kwenye kioo. Karani huketi saa nane bila kuinuka, msimamizi amesimama nyuma yake. Hana ruhusa ya kusema "kazi hii inanichosha", kwa kuwa atajibiwa kwamba wako wengi wanaoitaka. Akisema "kioo kinatoa mionzi", daktari anaitwa, gazeti linaandika, mkutano unafanyika. Mimi naamini kwamba mara nyingi hofu ya mionzi ndiyo lugha pekee ambayo mnyonge ameachiwa ya kulalamikia kazi yake. Na sisi wenye elimu, tukishamthibitishia kwamba mionzi haipo, tunaondoka tumeridhika, tumemnyang'anya hata lugha hiyo.

Waswidi walitenda vingine. Mwaka 1990 walitoa vipimo vya hiari vya vioo, vilivyojulikana kama MPR II, na mwaka 1992 shirikisho la vyama vya wafanyakazi liitwalo TCO likatoa alama yake lenyewe yenye masharti makali zaidi. Wakati huo hakuna aliyekuwa amethibitisha madhara. Hawakusema kioo kinaua. Walisema: ikiwa mawimbi haya yanaweza kupunguzwa kwa gharama ndogo, na yapunguzwe, na anayepunguza awe mtengenezaji. Viwanda vya dunia nzima vikafuata. Mwaka 1990 huo huo Jumuiya ya Ulaya ikawataka waajiri wampe anayefanya kazi mbele ya kioo nafasi ya kupimwa macho na kupumzika kidogo kidogo. Kwangu mimi hiyo ni tahadhari yenye heshima. Aliyeogopa hakudhihakiwa, wala hakutozwa.

Sasa tuitazame tahadhari ya aina nyingine. Jirani yangu, mama anayeuza vitafunio shuleni, alinijia jioni moja na simu mkononi. Nyuma ya simu kulikuwa na kibandiko cha rangi ya dhahabu.

"Mwalimu, hiki kitamkinga binti yangu?" akaniuliza. "Kichwa kinamuuma kila siku. Wameniambia ni mionzi inakula seli za ubongo."

Nilimwuliza binti anapata shida gani darasani. Akasema hasomi ubao vizuri, hukunja macho. Nikamwuliza kibandiko amekinunua kwa fedha gani. Ilikuwa ile aliyokuwa akiidunduliza ili binti apimwe macho na kukatiwa miwani.

Mchuuzi, ambaye sitamtaja, alikuwa amemwonyesha karatasi yenye jina la Shirika la Afya Duniani. Karatasi haikusema uongo mtupu, na hapo ndipo palipo hila. Ni kweli kwamba mwaka 2011 taasisi ya shirika hilo inayoshughulikia saratani iliyaweka mawimbi ya redio, yakiwamo ya simu, katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani. Lakini kundi hilo hueleza udhaifu wa ushahidi uliopo. Halipimi ukubwa wa hatari. Ndani yake zimo pia mboga za kuchachusha za kijadi za Asia. Mchuuzi alilitafuna neno "huenda" akalimeza.

Tena kinga nyingine ni mbaya kuliko ugonjwa. Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi ilipiga marufuku bidhaa kumi zilizouzwa kama kinga dhidi ya mawimbi ya simu: mikufu, barakoa ya kulalia, bangili ya mtoto. Zilipopimwa zilikutwa zina vitu vinavyotoa mnururisho halisi, ule unaong'oa elektroni. Watu walikuwa wameukimbia wasiopaswa kuuogopa, wakamvalisha mtoto unaopaswa kuogopwa.

Sikumweleza yule mama habari za elektronivolti. Nilimwambia mambo mawili. Kwanza, kwamba mwanga wa kioo kweli unazigusa chembe hai za mwanawe, ila si zile alizoambiwa. Nyuma ya jicho kuna seli chache, zilizoelezwa na wanasayansi mwaka 2002, ambazo kazi yake kubwa ni kuuarifu ubongo kama ni mchana au usiku, nazo huitikia sana rangi ya buluu. Kioo kikiwaka usoni usiku, huupelekea ubongo habari ya mchana. Katika jaribio dogo la watu 12 lililotangazwa mwaka 2014, waliosoma kitabu kwenye kioo kabla ya kulala walichelewa kupata usingizi kwa dakika zipatazo kumi kuliko waliosoma cha karatasi. Si balaa, lakini ni jambo la kweli, na dawa yake haina bei: simu ilale sebuleni. La pili, kwamba kichwa cha binti kinahitaji miwani.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo nimeibiwa, Mwalimu."

Nilikuwa tayari kusema ndiyo. Nikamjibu kwamba aliogopa kama mama yeyote, na kwamba fedha aliichukua mtu aliyejua anachokifanya.

Ilimchukua mihula miwili kudunduliza tena. Binti sasa anakaa viti vya nyuma na anausoma ubao. Kibandiko bado kiko nyuma ya simu, kimechubuka pembeni, na mimi sijamwomba akibandue.