Jina Moja, Matendo Mbali Mbali

Wazee wetu walisema, mtoto wa nyoka ni nyoka. Mithali hii husikika sana posa inapochunguzwa, mweka hazina anapochaguliwa, au kijana anapoomba kazi. "Huyu ni wa ukoo wa fulani? Basi, tumekwisha mjua." Ina hekima yake, maana nyumba ndiyo shule ya kwanza ya mtoto. Lakini je, ni haki kumpima mtu kwa jina lake? Naomba msomaji anivumilie nikilichunguza swali hili kwa jina la kigeni, ili asiumizwe mtu wa mtaa wetu.

Jina lenyewe ni Booth. Katika Kiingereza cha zamani maana yake ni kibanda, kama kile cha mchungaji wa ng'ombe. Vibanda vilikuwa vingi, na hivyo watu wa sehemu mbali mbali wakaitwa kwa jina hilo bila kuwa na udugu wowote. Ndivyo ilivyo hata kwetu: akina Yohana na akina Petro ni wengi, si kwa kuwa babu yao ni mmoja, bali kwa kuwa babu zao walibatizwa kwa majina yale yale.

Tutazame mwaka mmoja tu, 1865. Tarehe 14 Aprili, mwigizaji John Wilkes Booth aliingia katika jumba la michezo mjini Washington akampiga risasi Rais Abraham Lincoln, ambaye miaka miwili kabla yake alikuwa ametangaza uhuru wa watumwa. Rais alifariki asubuhi yake. Mwezi wa Julai mwaka huo huo, upande wa mashariki wa London, William Booth alianza kuhubiri hemani kwa maskini na walevi. Kazi yake ilipewa jina la Jeshi la Wokovu mwaka 1878, na mwaka 1921 ilifika Kenya.

Wako na wengine. Charles Booth, mfanya biashara wa meli kutoka Liverpool, alichunguza maisha ya watu wa London mtaa kwa mtaa, akakuta kwamba karibu watu 30 katika kila 100 walikuwa katika umaskini. Joseph Booth, mmisionari, alifika Nyasaland, yaani Malawi ya leo, mwaka 1892. Alifundisha ya kuwa Afrika ni ya Waafrika, na serikali ya kikoloni haikupendezwa naye. Mwaka 1897 alikwenda Marekani pamoja na John Chilembwe, ambaye baadaye aliongoza maasi ya mwaka 1915. Watu hawa wanne hawakuwa wa ukoo mmoja. Mwenye kuwahukumu kwa jina angemheshimu muuaji au angemlaani mhubiri.

Pengine msomaji atasema, "Hao hawakuwa ndugu. Mithali yasema juu ya damu." Haya, tuitazame damu. John Wilkes alikuwa na kaka yake wa baba mmoja na mama mmoja, Edwin Booth, naye pia mwigizaji mashuhuri. Kabla ya mauaji yale, katika kituo cha gari moshi cha Jersey City, kijana mmoja alisukumwa na umati wa watu akateleza kando ya gari lililokuwa likianza kwenda. Edwin alimshika ukosi wa koti akamvuta juu. Hakumjua. Kijana yule alikuwa Robert, mwana wa Lincoln. Tumbo moja lilimzaa aliyemwua baba na aliyemwokoa mwana. Hata hivyo, baada ya mauaji Edwin alichukiwa kwa ajili ya jina lake, akaacha jukwaa kwa miezi kadhaa.

Basi twajifunza mambo mawili. Jina si ushahidi wa udugu, wala udugu si ushahidi wa tabia. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, alikwisha kukataza kumtwika mwana uovu wa babaye. Na kati ya wale Thenashara walikuwamo akina Yuda wawili. Injili ya Yohana inaangalia sana tusimchanganye mmoja na mwingine.

Jambo hili si la zamani tu. Binti huachwa na mchumba kwa sababu mjomba wake aliiba. Tena liko kosa la pili, tusilolitaja mara nyingi: mtu hupewa sanduku la sadaka kwa sababu babu yake alikuwa katekista mwema, wala hakuna aulizaye yeye mwenyewe anatunzaje hesabu. Yule wa kwanza ameadhibiwa bila kosa, na huyu wa pili amesifiwa bila kazi.

Mwenye jina lililochafuliwa asijifiche, na mwenye jina zuri asililalie. Nasi tunaochagua na kuamua, tuulize kwanza mtu ametenda nini, ndipo tuulize ni wa nani.