Deni kwa Mshindani

Mchezo huhesabiwa kuwa jambo la hiari. Mtu hucheza apendapo, huacha achokapo. Je, jambo la hiari laweza kuzaa wajibu? Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna suala la ahadi, na pasipo ahadi watu hawawezi kuishi pamoja.

Kabla ya mwaka 1888, vilabu vya mpira vya Uingereza vilialikana kama majirani waalikanavyo karamuni. Siku iliwekwa, kisha klabu moja ilipata mwaliko wenye faida zaidi, ikamwacha mwenziwe uwanjani pamoja na watazamaji wake. Tangu 1885 wachezaji walikuwa wameruhusiwa kulipwa, na mshahara haukumngoja mgeni asiyefika. William McGregor wa klabu ya Aston Villa, mwenye duka la nguo mjini Birmingham, aliandika barua mwezi wa Machi 1888, akishauri vilabu vikubwa vipatane kukutana kila msimu, nyumbani na ugenini. Vilabu 12 viliitika, na tarehe 8 Septemba ligi ya kwanza ikaanza.

Yamkini msomaji atasema kuwa hiyo ilikuwa biashara, wala haikuwa fadhila. Ni kweli kwamba mfuko ndio uliosukuma. Lakini chanzo cha jambo si thamani yake yote. Nahodha wa jahazi hujifunza nyota kwa ajili ya shehena; nyota hazisemi uongo kwa sababu hiyo. Ahadi iliyozaliwa na haja yaweza kukua ikampita mzazi wake.

Ushahidi ulipatikana mapema. Oktoba 1888 timu ya Stoke ilifika Preston ikiwa na watu tisa tu. Wenyeji waliwaazima wageni wachezaji wawili wa akiba, mchezo ukatimia, kisha wakawafunga 7 kwa 0. Huruma ingewazuia kufunga. Tamaa ingewazuia kuazima. Preston walifanya yote mawili, maana walimdhamini mshindani wao asipungue, wala hawakumdharau kwa kumcheza kwa utani.

Msimu ulipokwisha, Preston walikuwa wamecheza mara 22, wameshinda 18, wametoka sare 4, hawakushindwa hata mara moja. Stoke walishika mkia, lakini nao walicheza mara 22. Fahari ya bingwa ilitegemea uaminifu wa yule wa mwisho. Lau kila aliyepoteza tamaa angalikaa kwake, hesabu ya bingwa ingalikuwa hesabu ya kukutana na kivuli chake.

Mtu wa Madungu, katika mji wa Chake Chake, aweza kuyapima haya kwa mambo ya kwao. Pemba ina mchezo wa ng'ombe: watu hukusanyika, hupiga ngoma, humsifu shujaa, kisha hutawanyika. Siku ile hutimia yenyewe, wala haidai nyingine. Ligi si hivyo. Siku moja ya ligi ni sehemu ya siku zote, na anayeivunja moja huzijeruhi zilizobaki. Ligi ya Zanzibar ilipokusanya timu za visiwa viwili, timu ya Pemba iliyopangiwa Unguja ililazimika kuvuka bahari. Kuvuka kwa matumaini ya ubingwa ni jambo jepesi. Timu isiyo na la kupata, ikapanda chombo kwa kuwa jina lake limeandikwa siku ile, ndiyo iliyoelewa maana ya ligi.

Basi hiari ni mlango tu. Hakuna alazimishwaye kuingia; lakini aliyekwisha ingia amewakuta watu ndani, nao wamepanga siku zao kwa kumtegemea. Ushindi waweza kumkosa asilaumiwe. Kufika ni deni, na mdai wake ni yule yule anayetaka kumshinda.