Sanduku la Mchongaji Linahitaji Kufuli?

Swali lenyewe linaonekana dogo. Unatengeneza sanduku la kuwekea vyombo vya kuchongea. Umepima mbao, umekata, umeunga pembe, umetia bawaba. Limebaki jambo moja: utie kufuli au usitie? Wengi watakwambia hapo hakuna la kufikiria, chombo ni mali na mali hufungiwa. Mimi naona lipo la kufikiria, kwa sababu chombo cha mchongaji si mali kama mali nyingine, na kibanda cha wachongaji si duka.

Ninachonga Wamunyu, Kaunti ya Machakos. Anayejua vinyago vya Kenya anajua jina hilo. Wakamba walikuwa wakichonga tangu zamani, miko na vigoda vya miguu mitatu vilivyopambwa kwa waya. Lakini biashara ya vinyago ilianzia hapa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mutisya Munge aliporudi kutoka Tanganyika akiwa amejifunza kwa wachongaji wa huko. Ufundi ukaenea kwa jamaa na majirani, kisha ukateremka hadi Mombasa, ambako ushirika wa wachongaji wa Kikamba ulianzishwa mwaka 1963. Historia hii naitaja kwa sababu moja: ufundi huu umepita mkono kwa mkono. Mutisya alionyeshwa, nasi tukaonyeshwa. Na karibu kila mmoja wetu, siku ya kwanza, alishika tezo ya kuazima.

Sasa tazama kinachoazimwa. Vyombo vyetu si vyote vya kununua dukani. Ubapa wa tezo, mhunzi huufua kutoka springi ya gari kuukuu. Mpini unauchonga mwenyewe, na baada ya miaka miwili mitatu unakuwa umeshika umbo la kiganja chako. Patasi bapa, patasi ya mviringo ya kuchimbia, kisu chembamba cha kumalizia macho na masikio ya mnyama, vyote makali unatia wewe, na kila mtu ana namna yake ya kunoa. Kwa hiyo nikikuazima patasi sikupi chuma tu, nakupa na asubuhi yangu niliyokaa nikinoa. Ukiitumia kufungulia mkebe wa rangi, utanirudishia chuma, lakini asubuhi yangu ndiyo imekwenda. Si bure wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Basi mwenye kufuli ana hoja. Vyombo ndivyo shamba lake, ndiyo karo ya watoto. Tatizo ni kwamba kufuli haichagui. Humzuia mwizi, na humzuia vilevile kijana aliyekuja leo asubuhi na mikono mitupu akitaka kujifunza. Kama mabwana wote wa zamani wangefunga, sisi tungejifunzia nini? Nani ana pesa ya vyombo kabla hajauza hata kinyago kimoja?

Lakini kuacha kila kitu wazi nako si wema. Hilo nililiona miaka michache iliyopita, katika kibanda kimoja nilikokuwa nikifanya kazi. Mzee mmoja pale aliweka vyombo vyake vyote ndani ya gunia. Alikuwa mkarimu, anayetaka anachukua. Siku moja patasi yake ikakosekana. Imekosekana tangu lini? Hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe. Macho ya kibanda yakamwendea mwanagenzi mmoja, kwa kuwa ndiye aliyezoea kuazima.

"Mzee, hiyo niliirudisha," kijana akasema.

"Ulimpa nani?"

"Niliweka tu hapo kwa gunia."

Nani angethibitisha? Hakufukuzwa. Ila hakuna aliyemwazima tena kitu, na mwanagenzi asiyeazimwa ni kama amefukuzwa. Mwezi haukuisha, akaondoka. Mvua zilipokaribia tukahamisha rundo la mabaki ya miti, na patasi ikaonekana chini yake, imeshika kutu. Mzee hakusema neno siku nzima.

Mimi hujiuliza kilichomwondoa yule kijana ni kitu gani. Hakukuwa na mwizi wala mchoyo. Kilichokosekana ni mahali pa kukumbuka. Ndani ya gunia, patasi kumi na patasi tisa zinafanana. Waswahili wana methali: mali bila daftari huisha bila habari. Mimi naongeza kwamba hata urafiki bila daftari huisha hivyo hivyo. Ukarimu usiokumbuka ulichotoa hugeuka shuku siku ya kwanza kitu kisipoonekana, na shuku humwangukia aliye mnyonge.

Mwanafalsafa Mjerumani Martin Heidegger, katika kitabu chake cha mwaka 1927, alitumia mfano wa nyundo. Nyundo ikifanya kazi vizuri, fundi haioni, anauona msumari. Huiona nyundo pale inapovunjika au inapokosekana. Naamini ni kweli, ila sisi wa vibandani tuna swali la kuongeza: inapokosekana, tunaona haraka kiasi gani? Ukiona jioni ile ile, utauliza, "Jamani, nani yuko na patasi ya mviringo?" na mtu atajibu, "Ah, iko huku kwangu." Ukiona baada ya wiki tatu, huulizi tena, unatuhumu.

Kwa hiyo sanduku ninalotengeneza nimelipangia hivi. Nje ni mbao za mukima, ule mti uliojaa kwenye mipaka ya mashamba yetu. Urefu wake nimepima kwa mpini wa tezo, maana ndio mrefu kuliko vyote. Ndani kuna trei ya mjakaranda, mti mwepesi na laini, na humo nachimbia kila chombo nafasi ya umbo lake. Patasi bapa haiingii kwenye nafasi ya patasi ya mviringo. Faida ya kwanza kila fundi ataiona: makali hayagongani, hayapati mapengo. Faida ya pili ndiyo niliyoitaka zaidi. Ukifunua kifuniko, kilichotoka unakiona kabla hujahesabu.

Mwenzangu mmoja alipoiona akacheka: "Hiyo si sanduku, umeweka kamera!" Alidhani nataka kuwachunga wanaoazima. Nikamwambia daftari huwalinda wote wawili. Nafasi ikijaa, kijana hahitaji shahidi kwamba amerudisha. Angalia tu, iko pale. Mnyonge ndiye anayefaidi zaidi utaratibu huu, kwa sababu mwenye jina kubwa huaminiwa hata bila ushahidi.

Na kufuli? Usiku natia, sioni haya. Wezi wapo, na kibanda cha mabati hakina mlinzi. Mchana naifungua na kuitundika pembeni. Kufuli ni ya watu nisiowajua, nafasi ni za watu ninaofanya nao kazi. Ubaya ni kuchanganya hayo mawili, ukamfanyia mwenzako wa kibandani kama mtu wa kuvunja mlango usiku.

Sidai kwamba mbao zitatufanya kuwa watu wema. Yule kijana, nasikia siku hizi anaendesha bodaboda mjini Machakos, na alikuwa na mkono mzuri sana wa kuchonga twiga. Nafasi tupu haitaji jina la mtu. Inasema tu kwamba kuna kitu hakijarudi. Kuuliza kwa upole, jioni hiyo hiyo, kabla ya kuwaza mabaya, hiyo imebaki kazi yetu.