Nyoka Asiyemjua Anayemuuma

Echis pyramidum ni nyoka mfupi, jamaa ya bafe, ambaye kwa kawaida hazidi sentimita 60. Makao yake ni nchi kavu, ikiwemo kaskazini mwa Kenya, na hupenda mchanga na mawe kama ya Turkana, kule ambako mikoma na chemchemi za Eliye Springs hutazama ziwa. Mchana hujificha chini ya jiwe au gogo. Usiku huwinda nge, tandu, mijusi na panya. Akitishwa hujikunja na kusuguanisha magamba yake yenye meno ya msumeno, yakalia kama mafuta kikaangoni. Sumu yake huigandisha damu ovyo mishipani hadi uwezo wa kuganda uishe. Hapo fizi huvuja, jeraha dogo halikauki, na damu inaweza kumwagika hata ubongoni.

Penye nyoka wa namna hii swali la dini halikawii: aliyeumwa amekosa nini? Ni swali la kale. Katika Matendo ya Mitume sura ya 28, watu wa Malta walimwona Paulo akishikwa mkono na nyoka aliyetoka kwenye kuni, wakasema ni muuaji anayefuatwa na haki. Alipokosa kuvimba wala kuanguka, wakamwita mungu. Hukumu mbili kwa mtu mmoja, zote za uongo, na nyoka hakutoa hata moja.

Wanazuoni wa Kiislamu hufungamanisha taklifu, yaani wajibu wa kisheria, na akili: asiye na akili haandikiwi dhambi. Mnyama basi hawezi kuwa mwovu, na ni vigumu zaidi kumfanya hakimu. Binadamu si windo la nyoka huyu, kwani hawezi kummeza. Sumu inayomwagika mguuni ilikuwa ya panya. Mwizi na mtoto anayeokota kuni gizani, kwake ni kishindo kimoja. Tena adhabu inayowapata hasa wasio na viatu wala taa ni adhabu ya kutiliwa shaka.

Sumu yenyewe haina upande. Tirofiban, dawa ya wagonjwa wa moyo, ilibuniwa kwa kufuata umbo la protini ya sumu ya nyoka wa jenasi hii.

Kuumwa basi ni suala la tiba, si la hukumu: Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017. Aliyeumwa asichanjwe wala asifungwe kamba. Atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe upesi hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka.